Kamera Isiende Eldoret

Mukhisa alijaliwa kipaji kimoja tu: kuwafanya watu wasitikisike. Wengine hujaliwa sauti ya kuimba, wengine mbio; yeye Mungu alimpa hicho, kisha akafumba mkono. Katika studio ya picha ya Bwana Kishore mjini Kitale, alikofanya kazi karibu miaka yote ya themanini, mtoto aliyeingia akilia alinyamaza, bibi harusi mwenye kwikwi aliiacha mlangoni, na siku moja mbuzi wa zawadi alisimama kati ya maharusi akatazama mbele kwa heshima zake zote. "Usipumue," Mukhisa alikuwa akisema, kwa sauti ya chini kabisa, na hakuna aliyethubutu kupumua mpaka apewe ruhusa. Mzee mmoja nusura azimie, lakini picha yake ilitoka safi.

Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kituo kimoja cha televisheni cha Nairobi, ambacho tutakihurumia tusikitaje, kikafungua ofisi Kitale na kutafuta mtu anayejua kamera. Mukhisa alijua kamera. Hakuna aliyemuuliza ni kamera ya aina gani. Alikabidhiwa dude la kubeba begani, Peugeot kuukuu, na wenzake wawili. Sally Chepkemei ndiye alikuwa mtangazaji: msichana mwembamba, sauti nzito, hasira karibu. Kiptanui ndiye dereva, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa nne, ndiye pia mshika maikrofoni. Kiptanui alizaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon kunakonyesha karibu kila siku, na alichukia kulowa kuliko paka yeyote wa Kitale.

Kazi yao ilikuwa kufuata dhoruba. Kwa watu wa Nairobi, upande wa Kitale na Bungoma una habari mbili tu, mahindi na mvua kubwa, na mahindi hayana haraka.

Dhoruba yao ya kwanza ilikuwa mvua ya mawe iliyolaza shamba zima la Mzee Rotich, nje kidogo ya Kiminini. Walifika asubuhi yake. Mahindi yalikuwa yamelala chini yote, majani yamechanika nyuzi nyuzi, na mzee mwenyewe ameshika kiuno akitazama. Mtu mwingine angewasha kamera papo hapo. Mukhisa alimletea mzee kiti. Akamweka mkewe, Mama Chepchumba, upande wa kulia, akawapanga watoto mbele kwa kimo, akamwinua mzee kidevu kidogo, akarudi nyuma. "Msipumue," akasema, akabonyeza kitufe, na yeye mwenyewe akaacha kupumua. Sally alikuwa barabarani akizungumza na chifu. Aliporudi, kaseti ilikuwa imekwisha.

Kaseti ilipanda basi la kwenda Nairobi, kama kaseti zote za Kitale zilivyofanya siku hizo. Kule mhariri wa habari, Bwana Kagwe, aliitia mashineni, akaona watu wamekwama. Akaipiga mashine kofi. Fundi akaja akaipiga la pili, kisha akafungua kifuniko akapuliza vumbi. Mzee Rotich aliendelea kuwatazama, kidevu juu. Walikuwa karibu kuibeba mashine kuipeleka gereji wakati kuku alipopita taratibu nyuma ya familia, na chumba kizima kikapiga yowe.

"Mukhisa," Bwana Kagwe alisema kwenye simu, "hao watu wako hai?"

"Wako hai, bwana."

"Mbona hawasongi?"

"Niliwaambia wasisonge. Picha ingeharibika."

Bwana Kagwe akakata simu.

Lakini tusimwonee. Kosa halikuwa lake peke yake. Sehemu zile, mtu husimama mbele ya kamera siku ya arusi, siku ya ubatizo, na siku ya kitambulisho. Kamera haikutani na mtu hivi hivi. Unaoga kwanza, unajipaka mafuta, unavaa nguo ya kanisani, na ukiwa na redio unaishika. Ati ugeni utoke Kitale na kamera, ukukute umejaa matope, unalia mbele ya nyumba iliyobomoka? Utawaambia nini watu?

Chwele ndiko walikoonyeshwa hilo vizuri. Upepo ulikuwa umeezua vibanda vya soko na kuangusha mti wa blugamu katikati ya barabara. Sally, kwa ustaarabu wake, akampigia simu naibu wa chifu kumwambia wanakuja. Lilikuwa kosa kubwa. Walipofika, soko limefagiliwa mpaka linang'aa, mabati yaliyong'oka yamepangwa kwa ukubwa, akina mama wamejifunga vitambaa vipya, na mti umesukumwa kando.

"Karibuni wageni," naibu alisema, suti imemkaa vizuri. "Tumesafisha."

"Nani aliwaambia msafishe?" Sally akauliza.

"Sasa mgeni akuje apate uchafu, si ni aibu, madam?"

Sally alihesabu pumzi zake. Kisha akafanya jambo ambalo mtangazaji hapaswi kufanya: akaomba kama wangeweza kuurudisha mti pale ulipokuwa, ili watu wa Nairobi waone ulivyoziba njia. Wakakubali kwa furaha. Wanaume wakautia mabega, mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, na mti ukarudi barabarani kwa shangwe. Mukhisa alipiga kila kitu, kwa kuwa alikuwa ameonywa kwamba safari hii lazima kitu kisonge. Kisha wanaume wakapanguza mikono, wakaenda nyumbani kula. Hapo ndipo Kiptanui alipogundua kwamba Peugeot iko upande usiofaa wa mti.

Walikaa pale mpaka jioni. Habari ilipotangazwa, taifa liliona watu wa Chwele, wamevaa vizuri, wakiimba na kuiziba barabara kwa mti. Bwana Kagwe alipigiwa simu na mkubwa mmoja aliyetaka kujua Chwele wanagomea nini.

Mwaka wa tisini na tatu, katikati ya mvua za masika, Bwana Kagwe alichoka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Mukhisa. "Nataka upepo," alisema. "Nataka kitu kinachoruka. Nimeona nguo za Jumapili za mkoa mzima, nimetosheka. Mvua hizi zikiisha kama hujaniletea, kamera inaenda Eldoret. Wewe utajijua."

Kiptanui alicheka aliposimuliwa. Mukhisa naye alicheka, lakini alijua hana pa kurudi. Studio ya Bwana Kishore haikuwa na nafasi tena. Mpwa wake Prakash ndiye aliyekuwa akisema "usipumue" siku hizi, na inasemekana watu walipumua tu. Tena, afadhali tuseme ukweli, Mukhisa alikuwa ameipenda ile kamera. Aliifuta kwa kitambaa cha mkewe. Aliifunika koti lake na kulowa yeye. Mtu aliyekaa chumba kimoja miaka yote ile, mbele ya pazia moja, alikuwa amepewa milima, mito na mawingu ayatazame kwa jicho moja, na hakutaka kuyarudisha.

Wakaanza kufukuza upepo. Na upepo una dharau. Kila walipofika ulikuwa umeshaondoka. "Umepita hapa sasa hivi tu," wangeambiwa kando ya njia, na mtu angeonyesha kwa kidole. "Ingieni hiyo ya kushoto, mtaupata." Wakiingia ya kushoto, walikuta jua linawaka na mtu anaanika maharagwe. Sally alianza kumshuku dereva.

"Kiptanui, wewe unaendesha kama mtu wa kusindikiza maiti. Unataka upepo utuache makusudi."

"Barabara ni mbaya, Sally."

"Hii ni lami, bana!"

"Lami pia inateleza," Kiptanui akajibu, akapunguza mwendo zaidi.

Hivyo ndivyo mvua zilivyokaribia kwisha, na hivyo ndivyo walivyojikuta Malakisi, kwenye tumbaku. Waliambiwa upepo umeangusha mabanda ya kukaushia tumbaku huko, safu nzima. Mukhisa hakutaka kwenda. Malakisi ndiko kwa mama yake, na mama yake, Naliaka, alikuwa na jambo naye.

Jambo lenyewe ni hili. Mukhisa alikuwa amepiga picha nusu ya Kitale, lakini mama yake mzazi hakuwa na picha. Ile ya kitambulisho haihesabiki. Mle alionekana mtu aliyekamatwa. Kila Mukhisa alipokwenda na kamera ya studio, mama alisema bado, kitambaa hiki kimefifia, viatu hivi si vya picha, ngoja kwanza niezeke nyumba mabati. Sasa nyumba ilikuwa na mabati, yaliyotoka kwenye jasho la tumbaku na yanayometa ukiwa mbali, na mwana alikuwa ameacha studio na kwenda kupiga upepo.

Walifika. Mabanda, bila shaka, yalikuwa yamesimamishwa tena, na wenyewe wamekaa mbele yake wameoga. Sally aliwageuzia mgongo. Alitembea mpaka nyumbani kwa Mama Naliaka, akaketi kwenye kizingiti, na alipopewa chai akamwaga yote moyoni: Bwana Kagwe, upepo usioshikika, kamera inayokwenda Eldoret. Mama Naliaka alimsikiliza huku akipukuchua maharagwe, akisema "pole, mwanangu" panapostahili. Alipomaliza ungo wake, akamgeukia mwanawe. Alimwita "papa", kama akina mama wa Kibukusu wanavyowaita wana wao wa kiume, naye humwita mama yake "mayi".

"Papa, kwa vile upepo hakuna, kamela si iko bure? Tupige sisi."

"Mayi, hii si kamera ya picha. Ni ya televisheni."

"Iko na macho?"

"Iko."

"Basi inaona," mama akasema, akaenda kuoga.

Haikuwa yeye peke yake. Kikundi kizima cha akina mama wa kanisa kilihitajika, na kila mmoja alihitaji kuoga, kupakwa mafuta na kuazimwa kitu. Jirani yake, Nabwile, alirudi nyumbani mara mbili kubadilisha mkufu. Mchana ukapita. Kiptanui, aliyekuwa amelala ndani ya gari, akaamka, akatazama Elgon, akafunga kioo.

"Mukhisa, mlima umefunga," akaita kwa mwanya mdogo wa dirisha.

Hakuna aliyemsikiliza. Akina mama walikuwa wamesimama mbele ya nyumba, ili mabati yaingie vizuri: mikono imelala kwenye mapaja, nyuso zimekaza, hakuna anayecheka, kwa maana picha si mahali pa kucheka. Mama Naliaka katikati, Nabwile kushoto kwake. Mukhisa aliiweka kamera begani, na akaona, kwenye kale katundu ka kutazamia, jambo ambalo hakuwa ameliona siku nyingi: watu waliosimama jinsi yeye anavyopenda. Akabonyeza kitufe.

"Msipumue," akasema.

Upepo ukaja.

Haukubisha hodi. Ulitoka upande wa mlima ukapita juu ya tumbaku, majani yakageuka tumbo juu shamba zima, na ukaingia uani. Vitambaa vya kichwa vikanyooka upande mmoja vyote. Ungo wa maharagwe ukaondoka. Jogoo akapita kinyumenyume, akiwa na uso wa mtu asiyekubaliana na jambo hilo. Sally aliikumbatia nguzo ya choo, sehemu ambayo hajawahi kuitangaza, akaanza kueleza hali kwa sauti ya kupaza, ingawa maikrofoni ilikuwa ndani ya gari na Kiptanui na vioo vimefungwa. Akina mama hawakutikisika.

Kisha kona ya paa ikainuka. Ikarudi. Ikainuka tena, ikapiga makofi, misumari ikalia mmoja mmoja, na paa lote, lile linalometa, likanyanyuka juu ya nyumba polepole kabisa, kana kwamba linatafuta njia. Likajigeuza. Likapita juu ya banda la tumbaku, likaenda kulala kwenye migomba ya Nabwile kwa mshindo uliosikika sokoni.

Na mbele ya hayo yote, akina mama wa kanisa, wamelowa chapachapa, wamesimama wima, wakiitazama kamera.

Mukhisa alijua ni paa la nani. Miguu yake ilitaka kukimbia, lakini jicho lilikataa kutoka pale. Na alifurahi. Hilo ndilo lililomtesa baadaye: kwamba mama yake alikuwa akiezuliwa nyumba, na yeye moyoni alikuwa akisema, asante Mungu, kinaruka. Alipiga mpaka matone yakafunika lenzi yote. Hapo ndipo alipoteremsha kamera, na akina mama wakatawanyika wakipiga kelele walizokuwa wameziweka akiba.

Walikutana jikoni, kwenye kibanda cha nyasi ambacho upepo haukukigusa. Mama Naliaka alikuwa akikamua kitambaa chake.

"Mayi," Mukhisa akasema, "paa limeenda."

"Najua. Nimeuliza, picha imetoka?"

"Hujauliza."

"Basi nauliza."

"Imetoka, mayi."

"Haya," akasema, akaweka maji ya chai.

Bwana Kagwe aliitazama kaseti ile bila kuipiga mashine kofi hata moja. Aliita wahariri wengine. Aliita wapishi wa kantini. Kisha akapiga simu Kitale, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba kamera haiendi popote. La pili alilosema ni kwamba habari itatoka jioni hiyohiyo, nzima, bila kukatwa.

Mukhisa aliwapakia mama yake na Nabwile kwenye Peugeot, wakaenda Bungoma mjini, kwenye duka la vyombo vya umeme la Bwana Mohanlal, aliyekuwa akiweka televisheni dirishani ikitazama barabara. Mkewe, Kaushalya, aliwatolea akina mama viti wakae mbele. Nyuma yao watu wakajaa mpaka barabarani. Na ilipofika zamu yao, upepo ulivuma tena dirishani kwa Mohanlal, jogoo akapita kinyumenyume, na mji ukaangua kicheko. Paa liliponyanyuka kicheko kilikatika. Watu walishika vichwa. Wengine walikuwa wakiuliza, wale ni mawe au ni watu? Wanangoja nini?

Mama Naliaka alitazama kwa makini mpaka mwisho.

"Hiyo paa imeharibu picha," akasema. "Watu wote wanaangalia hiyo."

Mukhisa alicheka. Lakini kulikuwa na kitu alichokiona, ambacho katundu kale kadogo hakakumwonyesha siku ile. Upepo ulipoanza, Nabwile alikuwa ameinua mguu kukimbia. Ulionekana wazi, umeinuka. Halafu ulirudi chini. Na mkono wa kushoto wa mama yake haukuwa umelala kwenye paja hata kidogo.

"Mayi, ulikuwa umemshika Nabwile?"

"Kumshika?" Nabwile akadakia kutoka kiti cha pili. "Hii mama alikamata nguo yangu kwa mgongo, na mkono mwingine alikamata mama wa pale! Ananiambia kwa meno, 'Ukikimbia leo, mimi na wewe tumeachana.' Nguo yangu ya kanisa imetoka mshono wote. Muulize!"

Mukhisa akamwuliza, kwa macho tu. Mama Naliaka aliikunja leso yake vizuri magotini, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Nilisikia misumari inatoka," akasema polepole. "Nikajua ni yangu. Lakini huyu msichana wenu alikuwa ameniambia wanataka kukunyang'anya kamela kwa sababu ya upepo. Nikasema, upepo si ndio huu umekuja? Nikikimbia, papa atanifuata, ataacha kazi. Nikisimama, atamaliza." Akainyoosha leso tena. "Tumbaku inamea kila mwaka. Paa nitaweka ingine."

Televisheni ya Bwana Mohanlal ilikuwa imehamia kwenye habari nyingine, mtu fulani anafungua kitu fulani kwa mkasi. Watu walianza kutawanyika, wakiigiza paa kwa mikono. Mukhisa aligeukia rafu za duka na kuzitazama pasi za umeme, moja moja, mpaka alipoweza tena kuongea.